Meno ya Mkalimani

Perpetua Didas aliubana ulimi nyuma ya mahali yalipokuwa meno yake ya mbele, akafyonza, kisha akauachia ghafla. Kilichotoka hakikuwa kidoko. Ulikuwa mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka.

"Ndiyo sauti yenyewe hiyo?" Daktari Shemhilu aliuliza.

"Thiyo," Perpetua alisema, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Hata "siyo" ilikuwa imemshinda.

Kisandawe kinasemwa kwa vidoko, sauti za kufyonza na kuachia ulimi, na vidoko vingine huhitaji meno ya mbele kama vile ngoma inavyohitaji ngozi. Siku mbili kabla, bajaji isiyo na dereva aliyopanda ilikuwa imemkwepa mbuzi katikati ya Dodoma, ikapanda tuta, naye Perpetua akaenda kubusu chuma kilicho mbele ya kiti cha abiria. Meno matatu ya juu yaling'oka pale pale. Na wiki ileile ndipo shauri la kisima lilipangwa kuanza mbele ya Baraza la Maji, yeye akiwa mkalimani pekee wa Kisandawe aliyebaki katika orodha.

Daktari aliweka vitu vinne juu ya sinia. Alikuwa mtu mpole wa Lushoto, mwenye vidole vifupi na subira ya kueleza.

"Hii ya kwanza ni sahani ya kuvaa. Unavaa asubuhi, unavua usiku. Rahisi. Ila kwa lugha yako ya kufyonza, mama, itakuwa inakudondokea mdomoni kila neno la tatu. Hii ya pili ni daraja. Meno ya bandia yanashikwa na meno yako mawili ya pembeni. Yanakaa imara kabisa, lakini lazima nikuchonge hayo mawili yaliyo mazima. Nikishayachonga hayarudi. Ya tatu, vipandikizi vya kawaida. Mizizi ya titani ndani ya mfupa, meno ya kauri juu. Hayo ndiyo ningempa mama yangu mzazi. Tatizo ni kwamba mfupa unataka miezi kadhaa ndipo ushike."

"Na ya nne?"

Daktari aliyashika meno matatu yaliyounganishwa, meupe kuliko mengine, yenye ukungu fulani wa kijani kwa ndani. "Meno-sauti. Unayajua. Wenzako wote wanayo."

Aliyajua. Katika jengo la Baraza mashauri matano husikilizwa kwa wakati mmoja, yakitenganishwa kwa kuta za kioo, na hakuna anayesikiliza sauti ya mtu moja kwa moja. Kila aliyemo huvaa kisikizi, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kinachoingia sikioni. Meno-sauti hudaka mtetemo wa sauti kwenye mfupa wa taya la mkalimani, huondoa kukohoa na kigugumizi, kisha huipeleka safi kwenye visikizi vyote na kwenye kumbukumbu za shauri. Mara tatu Perpetua alikuwa ameombwa akubali kung'olewa meno yake mazima ili apandwe hayo. Mara tatu alikataa, akaendelea na kipaza sauti chake cha kifuani. Mwezi uliopita vipaza sauti vyote vya wakalimani viliondolewa.

"Wamenipigia simu asubuhi," daktari aliendelea. "Wamesema wao watagharamia haya tu. Hayo mengine utajitegemea."

"Nani kapiga?"

"Wa idara yenu."

"Mimi thijamwambia mtu kama nakuja hapa."

Daktari aliinua mabega. "Labda bajaji imetoa taarifa ya ajali."

Perpetua alijikuta anamfikiria yule mbuzi. Je, alimwona kweli kwa macho yake, au aliambiwa baadaye kwamba palikuwa na mbuzi? Alijicheka kimoyomoyo. Mtu akianza kuwashuku mbuzi amefika pabaya. Lakini wasiwasi haukumtoka.

Walikubaliana hivi: daktari angemgandishia yale meno-sauti kwa gundi kwenye meno ya jirani, bila kuchonga wala kupanda chochote, ayajaribu wiki moja. Akiyapenda angerudi kupandwa mizizi. Kazi yote haikuchukua muda mrefu kuliko kusukwa nywele. Alipoujaribu tena ulimi wake, kidoko kililia safi, kikavu, kama kijiti kinachovunjwa. Machozi yakamlenga. Hakupenda kumwonyesha daktari jinsi alivyofurahi.

*

Sabina alikuwa mjane wa miaka sitini hivi kutoka upande wa Kwa Mtoro, mwanamke mrefu aliyekaa wima ndani ya kibanda cha kioo cha mashahidi kana kwamba kiti kile ni cha kuazima na hataki kukichafua. Aliitazama midomo ya Perpetua, aliyekaa naye humo, kuliko alivyomtazama mtu mwingine yeyote. Nje ya kibanda, mbali upande wa pili wa ukumbi, alikaa Jaji Mlowezi, mwenyekiti wa Baraza. Kushoto kwake alikaa Wakili Tesha wa kampuni ya Chemichemi Kuu, iliyokuwa ikikusanya maji yote ya chini ya ardhi ya eneo lile na kuyapeleka mjini kwa mabomba.

Sabina alisimulia bila kupandisha sauti. Mume wake, Petro, alikuwa mchimba visima. Asubuhi ile alishuka kuzibua mkondo. Watu wa kampuni walikuja na mashine, wakasema visima vya zamani vyote vifungwe siku hiyohiyo. Yeye akawaambia, mume wangu yumo ndani. Msimamizi wao akainama, akachungulia, akamsikia Petro akiita kutoka chini. Kisha akainuka, akapunga mkono kumwashiria mwendesha mashine.

Perpetua aliyabeba maneno hayo moja baada ya jingine, kama mtu anayevusha mayai. Alisema: "Walikifukia kisima wakijua yumo ndani. Msimamizi alimsikia akiita, akatoa ishara, wakamwaga udongo."

Upande wa pili wa kioo Jaji Mlowezi aliandika, akaitikia kwa kichwa kwa utulivu. Wakili Tesha hakuinuka kupinga. Hilo lilimshangaza Perpetua. Tesha alikuwa mtu wa kuinuka hata mtu akipiga chafya.

Baraza lilipoahirishwa hadi Ijumaa, Perpetua alimkuta mwanamume mmoja akimsubiri kwenye korido. Ni Vitalis, shemeji yake Sabina, mdogo wa marehemu. Alikuwa amekaa na wasikilizaji, kisikizi sikioni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kwa kuwa alifanya kazi ya ufundi umeme Singida.

"Dada," alisema, "wamekupa nini?"

"Nani?"

"Usinichezee. Nimekaa pale nimesikia kwa sikio langu. Shemeji siku zote anasema watu wamemfukia kaka yangu mzima, wewe unasema, 'Kisima kilifukiwa, na baadaye ikabainika kwamba alikuwa ndani.' Ikabainika! Kwa nani? Kaka yangu aliita, dada. Aliita mpaka sauti ikaisha."

Perpetua alitikisa kichwa. "Sijasema hivyo."

"Basi nimeota."

Sabina alisimama nyuma ya shemeji yake. Hakukasirika. Alimuuliza Perpetua kwa Kisandawe, taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto aliyevunja chungu: "Mwanangu, uliogopa?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

*

Kabla ya kuondoka Perpetua alimvuta Vitalis hadi kwenye chumba cha mapumziko cha wakalimani, kilichokuwa kitupu, akamwomba akae nje ya mlango na kisikizi chake. Meno yalipeleka sauti popote ndani ya jengo. Alifunga mlango mzito, akasema polepole akitazama ukuta:

"Mbwa amemng'ata mtoto."

Akafungua mlango. "Umesikia nini?"

"Mtoto ameng'atwa."

Akafunga tena. "Mvua imenyesha." Akafungua.

"Mvua imenyesha," Vitalis alisema.

"Perpetua amekivunja kikombe cha bosi wake."

"Kikombe kimevunjika."

Vitalis sasa alikuwa amesimama, ameukazia macho mdomo wake kana kwamba kuna mdudu ndani. Perpetua alifunga mlango kwa mara ya mwisho. Akasema kwa sauti, "Wewe, Vitalis, umeniita mla rushwa, na umenikosea."

Alipofungua, Vitalis alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimesikia, 'Kumetokea hali ya kutoelewana,'" alisema. Kisha akauliza, "Ulisemaje hasa?"

Akamwambia. Vitalis akapokea maneno hayo bila kujitetea. "Nisamehe, dada."

Lakini Perpetua hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akigusa meno yale kwa ulimi, moja, la pili, la tatu. Yalikuwa ya joto, laini, yamekaa sawasawa. Yalijua mvua ni mvua. Yaliacha kila kitu kama kilivyo mpaka alipotajwa mwenye kosa, na hapo yalimfuta mtendaji.

*

Bwana Kalembo, mkuu wa idara ya ukalimani, hakukana. Hilo nalo lilimtia Perpetua shaka; alikuwa amejiandaa kwa uongo.

"Kaa, Dada Perpetua. Hiyo inaitwa ulainishaji," alisema akimsogezea kiti. "Iko katika mfumo tangu mwanzo. Zamani watu walikuwa wakisikia tafsiri yenye hasira wanapandwa na jazba, wanasahau ushahidi. Kazi ya kulaumu ni ya Baraza. Mkalimani akisema 'fulani amefanya', ameshahukumu."

"Mimi sikuhukumu. Shahidi ndiye aliyesema."

"Na Baraza litachunguza."

"Litachunguza nini wakati halijasikia? Kumbukumbu zinaandikwa kutokana na meno yangu. Kisandawe chenyewe hakihifadhiwi popote."

Kalembo alifuta miwani kwa tai yake. Alikuwa na sura ya mtu aliyelijadili jambo hili na nafsi yake siku nyingi na kushinda kila mara. "Sikiliza. Ukiyatoa, Ijumaa huna njia ya kufika kwenye visikizi, na shauri litatafsiriwa na mashine. Mashine imejifunza Kisandawe kwa nyimbo za kanisani na hadithi za sungura. Itamfanya yule mama aonekane kichaa. Ukibaki nayo, Baraza litaona kuna mtu kafa, familia itapata kifuta machozi, mwezi ujao yamekwisha. Kuna ubaya gani?"

"Na msimamizi?"

"Msimamizi yupi?"

Perpetua alimtazama, akashindwa kujua kama mtu huyu anamkejeli au amesahau kweli. Na yeye Kalembo alikuwa na meno-sauti. Alianza kazi kama mkalimani. Perpetua alitaka kumuuliza: na kipaza sauti changu cha kifuani, miaka yote ile, nacho kililainisha? Swali hilo aliliacha. Kwa sababu jibu lolote ambalo angepewa asingeliamini.

Usiku ule usingizi ulimpaa. Kila upande alioangalia uliuma. Angeweza kubaki na meno na kujaribu kuyahadaa, atafute maneno ambayo hayatafutwa, lakini angejuaje kama yamepita? Angeweza kuyatoa na kumwachia Sabina mashine. Angeweza kuugua Ijumaa, watu huugua. Asubuhi alikata shauri kwamba jambo hili si lake peke yake. Alikwenda kwenye nyumba ya wageni walikofikia Sabina na shemeji yake, akaketi nao kwenye benchi la uani, akamweleza mjane kila kitu, hata maneno ya Kalembo ya kifuta machozi.

Sabina alisikiliza hadi mwisho.

"Watatupa kitu hata wasiposikia alichofanya yule mtu?"

"Huenda, mama. Na tukigoma, huenda msipate chochote. Sitakuficha."

"Yule mtu tunakutana naye mnadani," Sabina alisema. "Ananisalimia. Ananiita mama, ananipa pole kwa msiba. Kama watu wanajua alichofanya na wananyamaza, nitaishi. Nimeishi. Lakini siwezi kuvumilia wasijue." Akaokota kijiti, akakivunja vipande. "Wewe unatakaje?"

Hakuna shahidi aliyewahi kumuuliza Perpetua hivyo.

"Nataka kusema ulichosema," alijibu.

*

"Una uhakika?" Daktari Shemhilu aliuliza. Alikuwa ameshavunja gundi na kuyaweka meno-sauti ndani ya kibakuli cha chuma, na pengo lilikuwa limerudi. Ilikuwa Alhamisi.

"Thahani itadondoka."

"Itadondoka."

"Vipandikithi havitakuwa tayari."

"Havitakuwa. Lakini, mama, daraja nalichonga kwenye meno mazima kabisa. Haya mawili yangekufikisha uzeeni. Nikishapita na mashine, yatakuwa vigingi tu, na maisha yako yote utakuwa unarudi hapa. Subiri miezi michache, nikuwekee kitu cha maana."

Alikuwa mkweli, na ndiyo maana Perpetua alimtilia shaka kwa mara ya mwisho. "Daktari, wamekupigia tena?"

"Wamepiga. Wamesema nikushauri usubiri."

"Na wewe?"

"Mimi ningekushauri hivyohivyo hata wasingepiga. Ndiyo shida yenyewe." Alivaa glovu taratibu. "Daraja hili halina kitu ndani. Ni kauri tupu. Nitalichonga mbele yako ukiangalia."

Perpetua alifungua kinywa. Mashine ililia, na ndani ya kichwa chake kelele ilikuwa kubwa kama ya kinu. Harufu ya jino linalochongwa ni kama ya ukwato unaoungua. Hakufumba macho. Aliutazama unga mweupe wa meno yake mazima ukirukia kwenye taa, na aliuonea uchungu, kwa sababu yalikuwa meno mazuri na hayakuwa na kosa.

*

Siku ya Ijumaa aliingia ukumbini, na ndani ya kibanda cha kioo taa ndogo ya kijani haikuwaka. Mtambo ulikuwa haujamtambua. Kwenye visikizi kulikuwa kimya. Aliwaona watu upande wa pili wakigonga masikio yao kwa vidole. Wakili Tesha alishaanza kuinuka. Bila shaka alikuwa ameandaa maombi ya mashine.

Perpetua alimshika Sabina mkono, akafungua mlango wa kibanda, wakatoka.

Walitembea hadi katikati ya ukumbi. Hakuna aliyewahi kusimama pale wakati wa shauri. Askari wa zamu alisogea, akasita, akamtazama mwenyekiti. Tesha alikuwa akipinga kwa nguvu, midomo ikienda, akisahau kwamba kwa mtu asiye na kisikizi hasikiki mbali. Perpetua aliinua mkono, akagusa sikio lake mwenyewe, kisha akashusha kidole kama anayetoa kitu.

Jaji Mlowezi alimtazama. Alikuwa mwanamke mzee mwenye nywele fupi za mvi, na usoni pake hapakusomeka kitu. Kisha aliingiza ukucha sikioni, akatoa kisikizi, akakiweka mezani.

"Sogea, mkalimani," alisema. Sauti yake halisi ilikuwa ya mikwaruzo, ya mtu aliyewahi kuvuta tumbaku. "Kwa nini tusikusikie kwa utaratibu?"

"Mheshimiwa, kwa utaratibu hamkumsikia shahidi. Jumanne mlisikia kwamba kisima kilifukiwa. Hakusema hivyo. Naomba arudie, nami nirudie mbele ya macho yenu."

"Pingamizi!" Tesha alisema.

"Bado hujajua unachopinga, wakili. Vua hicho kidude."

Nyuma ya kioo cha wasikilizaji, Vitalis alisimama. Wengine nao wakasimama, wakausogelea mlango, na askari hakuwazuia.

Sabina alianza upya. Safari hii hakumtazama Perpetua mdomoni. Alimtazama mwenyekiti. Vidoko vyake vilisikika ukumbi mzima, na watu ambao Jumanne walikuwa wameketi karibu na lugha ile bila kuisikia walishtuka. Perpetua alisubiri kila sentensi iishe. Daraja lilikuwa geni, fizi zilimuuma, na "s" zake zilikuwa nzito kidogo.

"Niliwaambia, mume wangu yumo ndani. Msimamizi wao aliinama. Alichungulia. Alimsikia akiita. Aliinuka, akampungia mkono mwendesha mashine. Walimfukia. Walimfukia wakijua."

Jaji Mlowezi aliuliza, na Perpetua akaligeuza swali kwa Kisandawe: je, msimamizi huyo anamjua kwa jina?

Sabina akalitaja jina. Hakulitaja kwa chuki. Alilitaja kama anavyolitaja mnadani, akisalimiwa. Nyuma ya Wakili Tesha, mwanamume mmoja aliyevaa shati la kampuni aliangalia sakafu.

Mwenyekiti aliandika jina lile kwa mkono wake. Kisha akatoa amri: ushahidi wa Jumanne unafutwa, shauri litasikilizwa upya kuanzia mwanzo bila visikizi, na mtu aliyetajwa asiondoke mjini. Hakusema kampuni ina hatia. Hakusema pia lolote kuhusu mashauri mengine manne yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya vioo wakati uleule, ambako wakalimani walikuwa wakisogeza midomo na watu wakiitikia kwa vichwa, kwa utulivu.

Perpetua aliyatazama mashauri yale hadi macho yakamuuma.

Bwana Kalembo alimkuta kwenye mlango wa kutokea. Alinyoosha kiganja, na Perpetua akavua kitambulisho chake shingoni bila kuulizwa.

"Ajira yako imesitishwa," Kalembo alisema.

"Nani kaisitisha?"

"Imeonekana kwamba taratibu zilikiukwa, na kwa hiyo..."

"Bwana Kalembo. Hapa hakuna kisikizi. Nakusikia kwa masikio yangu. Nani kaisitisha?"

Kalembo alipitisha ulimi nyuma ya meno yake, polepole, kama mtu aliyeonja kitu asichokijua. Korido ilikuwa na watu wakipita na hakuna aliyewajali. Ilimchukua muda mrefu kiasi kwamba Sabina na Vitalis, waliokuwa wametangulia, waligeuka kuangalia kulikoni.

"Mimi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mimi nimekufukuza."

"Ahsante," Perpetua alisema, akatoka nje juani kuwafuata wenzake.